Upatanisho wa Kisarufi katika Maandishi Yanayobadilika kwenye Skrini

Programu yenye madirisha na vitufe huwa na maandishi yanayobadilika huku mtumiaji akiyatazama. Mbinu yenyewe ni nyepesi: tukio linapotokea, programu huipa lebo tungo mpya, kisha eneo lake huchorwa upya kwenye skrini. Makala haya yanahusu tungo hiyo mpya, kwani ndipo sarufi ya Kiswahili inapogongana na mazoea ya waandishi wa programu.

Chukuliwe mfano wa programu ya kuhesabia shehena katika bandari ya Tanga. Skrini inasomeka "Robota 1 limepakiwa". Robota la pili la katani likipakiwa, haitoshi kubadili tarakimu. Tungo nzima hugeuka: "Marobota 2 yamepakiwa". Kwa abiria wa boti iendayo Pemba, nomino haibadiliki kabisa, bali kitenzi: "Abiria 1 amepanda", "Abiria 2 wamepanda". Anayekagua nomino peke yake hawezi kuliona kosa.

Suala la idadi limekwisha kupatiwa ufumbuzi. Hazina ya data ya CLDR, inayosimamiwa na Unicode Consortium, imekipa Kiswahili makundi mawili: moja, na idadi nyingine zote. Hivyo 21 ni wingi, tofauti na Kirusi. Sifuri nayo huangukia katika wingi, ingawa "Hakuna robota lililopakiwa" ni Kiswahili bora zaidi.

Ngeli ndiyo tatizo kubwa. Programu ikiacha nafasi wazi mbele ya neno "imefutwa", picha itakubali; waraka, jalada na kitabu vitakataa, maana vyadai "umefutwa", "limefutwa" na "kimefutwa". Tangu Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004, wafasiri wa programu wamekuwa wakikabidhiwa vipande vya namna hii, na hulaumiwa bure. Kosa limo katika msimbo. Dawa ni kumpa mfasiri sentensi kamili kwa kila nomino, au nomino iambatane na ngeli yake ili programu iteue kiambishi.

Ipo njia ya mkato: kukifanya kitenzi-jina kuwa kiima, kwa kuwa upatanisho wake haubadiliki. "Kufuta kumekamilika: waraka" ni sahihi, na "Kufuta kumekamilika: picha" vilevile. Lakini "Kupanda kumekamilika: abiria 2" si usemi wa mtu yeyote gatini.