Je, Wajua? "Always" Ilipofika Kindu

Je, wajua kwamba neno la Kiingereza "always" lilianza kama neno la barabara? Waingereza wa kale walisema "ealne weg", yaani njia yote, toka mwanzo hadi mwisho. Polepole njia ikageuka kuwa wakati. Kwa Kindu, mji wa Maniema uliokuzwa na reli na mto Lualaba, hilo halina ugeni: hapa safari ndefu na muda mrefu ni kitu kimoja.

Kifaransa, lugha ya darasani ya mtoto wa Kindu kabla hajakutana na Kiingereza sekondari, hakikuhesabu njia bali siku. Ukilipasua "toujours" unapata siku zote. "Daima" yetu ni ya Kiarabu.

Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa Maniema huandika "I eat always rice"? Si uvivu. Kifaransa huweka neno la mara, yaani linalosema jambo hutokea mara ngapi, baada ya kitenzi, na Kiswahili kinamwambia vilevile: ninakula wali siku zote. Lugha mbili zimemshuhudia, ya tatu inamkana. Kiingereza hulitanguliza: "I always eat rice". Ila ukifika kwa "am", "is" na "are", mambo yanapinduka na neno linafuata nyuma: "I am always hungry". Mwalimu akianzia hapo, nusu ya wino mwekundu inabaki kwenye kalamu. (Mpunga wenyewe, tukiwa hapo hapo, uliletwa Maniema karne ya 19 na misafara ile ile ya pwani iliyoleta Kiswahili.)

Mtego mbaya zaidi ni huu: "toujours" ina maana mbili. "Il est toujours à Kindu" huweza kumaanisha kwamba bado yuko Kindu, hajaondoka. Anayeitafsiri kwa "always" amemfunga mtu wa watu mjini maisha yake yote. Hapo Kiingereza kinataka "still".

Je, wajua kwamba Kiswahili cha Kongo kinaweza kusema "mara nyingi" bila neno lolote la mara? Kinabandika mkia kwenye kitenzi. Mtu wa Lubumbashi atakuambia "anakulaka", Goma na Bukavu "anakulaga", na wote wanamaanisha kwamba ndiyo kawaida yake. Lingala nayo ina "-aka" hiyohiyo: "aliaka", yeye hula. Hata Tanzania, mitaani utasikia "analaga", ingawa mwalimu wa sarufi atakunja uso. Kiswahili sanifu kina "hu-", ambayo inameza mtendaji: "hula wali" ni nani, mimi, wewe au wao? Usipotaja, hajulikani. Kwa maoni yangu mkia wa Kongo umeishinda "hu-" kwa hilo, maana unatuachia mtendaji wetu.

"Never" ni "ever" iliyovaa kikanushi mbele. "Kamwe" yetu haina kikanushi ndani yake hata kidogo: ni "mwe", moja, yenye "ka-" ya mara. Kwa Washona wa Zimbabwe "kamwe" hadi leo ni mara moja, "kaviri" mara mbili, "katatu" mara tatu. Ndiyo maana sisi hatuwezi kusema "kamwe nimekwenda". Ni lazima "sijaenda kamwe", sijaenda hata mara moja. "Jamais" ya Wafaransa nayo ilizaliwa haina ubaya wowote, ikageuka kuwa ya kukana kwa kukaa sana na "ne".

Waingereza huhesabu "once", "twice", "thrice", kisha pumzi inakata. Kuanzia nne wanasema "four times" kama watu wengine. Sisi tunatoka mara moja hadi mara elfu bila kubadili gari.

Je, wajua kwamba "biweekly" humaanisha mara mbili kwa wiki, na pia mara moja kila wiki mbili? Kamusi zinakubali zote. Ukipewa ratiba ya mikutano yenye neno hilo, uliza kabla ya kupanda pikipiki.

Herufi "t" katika "often" wengine huitamka, wengine huimeza, na wote wako sawa. Walioimeza waliwahi kulifanya "often" lisikike kama "orphan", yatima, na mwaka 1879 mchezo wa kuimba wa *The Pirates of Penzance* ulichezea utani huo jukwaani hadi watu wakavunjika mbavu.

Maneno haya yana uzito gani basi? Mwaka 1944 Mmarekani Ray Simpson aliwauliza wanafunzi kila neno ni mara ngapi katika mia. "Sometimes" ilipata kama 20, "seldom" 10, "rarely" 5. "Never" ilipata sifuri kama ilivyopaswa. "Always" ilipata 99. Hiyo moja iliyokosekana naipenda sana.

Nami mara yangu niliikuta kwenye maji. Kindu imekaa kingo mbili, Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli ng'ambo, na kati yao mitumbwi. Asubuhi moja nilikuwa na haraka. Nikamuuliza mpiga kafi kama tunavuka sasa.

"Tunavuka mara moja, papa."

Nikaingia, nikakaa, viatu mkononi kwa kuwa chini mlikuwa na maji. Akaingia mama mwenye beseni la mihogo. Wakaingia wanafunzi watatu. Ikaja baiskeli, ikalazwa juu ya magoti yetu. Mpiga kafi alikuwa ameegemea kafi lake, anaangalia kilimani kama kuna mwingine anashuka.

"Si ulisema mara moja?"

"Nilisema mara moja, papa. Sikusema mara mbili."

Kwake ilikuwa safari moja, ya watu wote pamoja. Tuliondoka mtumbwi ulipojaa.