Jina la 2016, chipu ya 2011

Kilichonivuta ni tundu la buluu. Ni lile la VGA, lenye vishimo 15 na nati mbili ubavuni, ambalo kwa miaka mingi ndilo lililounganisha kompyuta na kioo chake, nyumbani na ofisini. Hili lilikuwa kwenye kadi ya grafiki iliyolazwa juu ya meza ya fundi mmoja, ghorofani Kariakoo. Boksi lake lilikuwa pembeni, jipya, limeandikwa GTX 1050 Ti, GB 4. Fundi akaligusa tundu kwa ncha ya bisibisi. "Hili ndilo limewaumbua," akasema.

NVIDIA ilipotoa kizazi chake cha Pascal mwaka 2016, iliondoa kwenye chipu sehemu ya kutengeneza mawimbi ya VGA. GTX 1050 Ti, iliyoingia sokoni Oktoba mwaka huo, ni ya kizazi hicho. Nyuma yake utakuta HDMI, DisplayPort na mara nyingi DVI. Tundu la buluu likiwepo, basi ama mtengenezaji amepachika kigeuzi cha ziada kwenye bodi, kitu ambacho fundi huyu anasema hajakutana nacho, ama chipu iliyofunikwa na feni siyo iliyotajwa kwenye boksi.

Akafungua skrubu nne, akaing'oa feni na chuma chake cha kupoozea. Pesti iliyokuwa katikati ilikuwa imekauka na kumeguka kama chaki, kwenye kifaa kilichouzwa kikiwa ndani ya nailoni. Akalowesha pamba kwa spiriti, akafuta taratibu, akanisogezea taa ya simu. Herufi zikajitokeza ndogo sana, za kijivu: GF116-400-A1.

"Kwenye 1050 Ti halisi ungesoma GP107-400-A1," alisema. "P ni Pascal. F ni Fermi. Hiyo kaka ni GTX 550 Ti ya mwaka 2011."

Chipu ile ina viini 192 vya kuchakatia. Ile iliyolipiwa ina 768. Sasa kompyuta ilidanganywaje? Kila kadi ina programu ndogo ndani yake, BIOS, inayoitambulisha inapowashwa. Mtu mwenye ujuzi anaifungua, anaandika jina jingine na kiasi kingine cha memori, anairudisha. Kuchakachua tunakufahamu tangu enzi za mafuta ya taa ndani ya dizeli. Hapa hakihitajiki hata kidumu. Kadi itawaka, itaonyesha picha, itacheza hata gemu jepesi. Matata huanza siku unapopakua draiva mpya, kwa sababu NVIDIA iliacha kutengeneza draiva mpya za kizazi cha Fermi tangu 2018.

Mwenye kadi akaingia tukiwa bado tumeinama. Ni mama anayeuza vitenge mtaa wa pili, na kadi alimnunulia kijana wake anayesomea usanifu majengo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imepona?"

"Haikuwa inaumwa, mama. Imezeeka tu."

"Imezeeka? Mwanangu, nailoni nimechana kwa mkono wangu!"

Fundi akamwonyesha zile herufi. Akaziangalia kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nami nilikuwa nalo: aliyebadilisha jina ni nani? Fundi akasema kadi inapita kwa waagizaji, wauzaji wa jumla, wenye maduka na mawinga, na kila mmoja anaipokea ndani ya boksi lililofungwa. Aliyemuuzia mama huyu huenda naye ameuziwa. Huenda hapana.

Huyu fundi hakutaka nimtaje jina, kwa kuwa baadhi ya wanaouza kadi za namna hii ndio wanaomletea kazi. Nikamuuliza hufanya nini muuzaji anapomletea kadi feki aifunge kwenye kompyuta ya mteja. Akachukua skrubu moja, akaigeuzageuza.

"Namwambia muuzaji."

"Na mteja?"

"Mteja si wangu."

Sikumhukumu, na sijui ningefanya nini mwenyewe kama kodi ya chumba ingetoka kwa watu walewale. Ila jibu lile halijanitoka.

Kwa anayetaka kununua, fundi huyu haanzi na jina la kadi hata kidogo. "Watu wanakuja na jina mdomoni, RTX hii, RTX ile. Mimi nauliza: kompyuta yako nene au nyembamba?" Swali lina maana. Kompyuta nyingi za nyumbani hapa ni Dell na HP zilizotumika maofisini ng'ambo, na zile nyembamba huwa na pawa saplai ndogo, nyingi wati 240 hivi, tena kadi ya kimo cha kawaida haiingii. Tundu la kadi kwenye bodi hutoa wati 75, basi. RTX 3060 inataka 170, na nyaya zake za peke yake kutoka kwenye pawa saplai. Ukilazimisha, unanunua kadi na moshi.

Kwa nyembamba yeye hufunga GTX 1650 fupi, au RTX 3050 ya GB 6 inayotumia wati 70. RX 6400 ya AMD inatumia 53 tu, lakini haina sehemu ya kurekodi video, kwa hiyo mhariri wa video za harusi ataijutia. Mwenye nene anayechora majengo humwambia atafute 3060 ya GB 12 kabla ya 4060 ya GB 8, kwa sababu mchoro mkubwa ukizidi memori, kasi yote haina kazi. Anayeandika barua na kutazama filamu humrudisha nyumbani na hela yake, maana prosesa nyingi tayari zina grafiki ndani.

Majina yenyewe, kumbe, hata wenye viwanda huyachezea. Mwaka 2018 AMD iliruhusu iuzwe huko China kadi ya RX 580 2048SP, ambayo kwa viini vyake ni RX 570. Wa mtaani amwogope nani?

Kipo kipimo cha bure. Programu ya GPU-Z, tangu mwaka 2018, huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya NVIDIA iliyochakachuliwa. Dakika chache zinatosha, mradi muuzaji akubali kuiwasha mbele yako.

Mama wa vitenge alirudi dukani na risiti yake. Ilikuwa imeandikwa "kifaa cha kompyuta, 1". Hakuna GTX, hakuna 1050, hakuna GB 4, na muuzaji akamuuliza ana uthibitisho gani kwamba kadi ile ilitoka kwake. Kwa hiyo wewe utakayekwenda wiki hii, mwambie muuzaji aandike kwenye risiti jina kamili la kadi, kiasi cha memori na serial namba yake iliyobandikwa nyuma. Akikataa, mwachie kadi yake.