Kufundisha Uainishaji wa Viumbe: Mfano wa Jenasi Phryganea

Mara nyingi twaona wanafunzi wakikariri ngazi za uainishaji, kutoka oda na familia hadi jenasi na spishi, pasipo kujua ni kwa nini kiumbe kimewekwa mahali kilipo. Maarifa ya namna hiyo hayadumu baada ya mtihani. Yafaa mwalimu afundishe sababu za mgawanyo, na historia ya jenasi moja yaweza kumsaidia.

Jenasi hiyo ni Phryganea, ambayo wadudu wake hupatikana Ulaya na sehemu nyingine za kaskazini ya dunia. Mdudu mpevu hufanana na nondo. Buu lake huishi majini, nalo hujijengea ala ya vipande vya majani vilivyounganishwa kwa nyuzi za hariri.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi aliiweka jenasi hii katika oda ya Nyuroptera, oda aliyoibainisha kwa mabawa. Matokeo yake ni kwamba wadudu wasio wa ukoo mmoja walikaa pamoja. Kwa mfano, mdudu aliyemwita Phryganea bicaudata ana mikia miwili, na makinda yake hukua bila kupitia hatua ya pupa, hali Phryganea wa kweli huipitia. Leo mdudu huyo yumo katika jenasi Perla, ya oda ya Plekoptera. Nayo Phryganea imo katika oda ya Trikoptera, yaani "mabawa yenye nywele", jina lililotolewa na Mwingereza William Kirby mwaka 1813. Nywele hizo humtenga na nondo, ambaye mabawa yake yamefunikwa na magamba.

Darasani tunapendekeza hatua tatu. Kwanza, wanafunzi wapewe panzi, nzi, kipepeo, kumbikumbi na mchwa asiye na mabawa, wawagawe wapendavyo. Pili, kila kikundi kitetee mgawanyo wake. Tatu, mwalimu aeleze kuwa kumbikumbi na mchwa waweza kutoka katika kichuguu kimoja, nao ni spishi moja. Waliogawa kwa mabawa pekee watalazimika kufikiri upya.

Hapo ndipo mwanafunzi atakapotambua kwamba uainishaji ni hoja inayojengwa juu ya ushahidi, na kwamba ushahidi ukizidi, hoja hurekebishwa. Mwanafunzi aliyefika hapo hatahitaji kulazimishwa kukumbuka majina.