Kororo, kanga asiyetoka kichakani

Ukivuka kutoka Amu hadi Mokowe na kushika njia ya Hindi asubuhi, huenda ukaona kanga wakikatiza barabara mbio na kupotelea shambani. Wengi wakishawaona hao hudhani wamewaona kanga wote wa Lamu. Bara yetu ina kanga wa namna tatu, na aliye mgumu kuonekana ndiye ninayetaka kumweleza hapa: kororo, ndege wa msitu mzito.

Tumtenge kwanza na ndugu zake. Kanga wa kawaida ana pembe ya mfupa utosini na hupenda palipo wazi, kama vile mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Mtu akifyeka, yeye hufuata. Amefugwa Ulaya, Marekani na visiwa vya Karibi, na huko kote anataga na kulea, ingawa wahenga walisema kanga hazai ugenini. Wa pili ni yule mrefu mwenye kichwa kitupu kama cha tai na kifua cha buluu kali, mkaazi wa nyika kavu ya miiba. Huyo hukaa muda mrefu bila kunywa, akitosheka na unyevu wa majani na wadudu. Watafiti waliomfuatilia Mpala, Laikipia, walitangaza mwaka 2019 kwamba makundi yake yana makundi rafiki: hukutana, hulala pamoja, kisha kila ndege hurudi kwa wenzake bila kuchanganyikiwa. Mpangilio huo ulikuwa ukijulikana kwa wanyama wenye ubongo mkubwa kama tembo. Kwa ndege haukuwa umethibitishwa kabla ya hapo. Mwaka uliofuata walionyesha jambo jingine linalonivutia zaidi. Madume wakubwa wakihodhi chakula, wanyonge huanza kuondoka, na mwishowe kundi zima, wakubwa wakiwemo, huwafuata.

Kororo hajachunguzwa kwa kina namna hiyo, kwa sababu msitu humficha. Kitaalamu anaitwa Guttera pucherani, na Mjerumani Gustav Hartlaub ndiye aliyemwandika katika karne ya 19, kwa ndege aliyetoka Zanzibar. Urefu wake ni kama nusu mita. Mwili ni mweusi wenye madoadoa meupe yaliyoingia buluu, uso na koo ni vyekundu, macho nayo mekundu, na kichwani ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojisokota. Jike na dume hufanana kiasi cha kuwatatiza hata wazoefu. Anapatikana tangu kusini mwa Somalia, kupitia Boni na Dodori, Arabuko-Sokoke na Shimba Hills, hadi Tanzania na Unguja.

Kutwa nzima kundi hutembea chini likichakura majani makavu. Linatafuta mchwa, buibui, konokono, mbegu na vizizi laini. Lakini chakula kitamu kiko juu, asipofika kwa mdomo wake, na hapo ndipo kima anapomfaa. Kima ni mlaji mwenye israfu: huuma tunda mara moja akaliachia, hutikisa tawi zikadondoka kumi. Kororo wamelijua hilo. Huwafuata kima mti hadi mti wakiokota chini, na hata kinyesi hukichakura kutafuta mbegu ambazo hazijasagika. Kwa hiyo mti wa matunda ukikatwa, aliyekuwa akila juu na aliyekuwa akiokota chini wote hukosa.

Jioni huparama juu ya miti kulala, maana usiku ardhi ni ya kanu, chui na chatu. Mvua zikija kundi huvunjika wakawa wawili wawili. Dume humpa jike wake chakula kwa mdomo kama posa. Kiota ni kishimo tu ardhini, kilichofichwa chini ya kichaka. Mayai yana ganda gumu sana, ila ugumu huo haumzuii kenge kuyala. Vifaranga hutoka kiotani muda mfupi baada ya kuanguliwa, na manyoya ya mabawa huwaota mapema, kwa sababu kifaranga asiyeweza kurukia tawi hana usiku mwingi wa kuishi.

Hapa nifafanue jambo la mwili wake, kwani ndilo linaloamua hatima yake. Misuli ya kifua cha kanga wote imeumbwa kwa mshindo: huruka ghafla, kwa nguvu, kisha huchoka haraka. Kanga wa kawaida akiwa uwandani hilo halimsumbui, kwani hukimbia apendavyo. Kororo hapendi kutoka kwenye kivuli, na shamba pana la mahindi kwake ni ukuta. Kundi lililobaki katika kijisitu kilichozungukwa na mashamba halipati wageni wa kuoana nao, na moto mmoja wa kiangazi unaweza kulimaliza lote.

Sheria, kwa upande wake, humtazama mwindaji: Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo. Waaweer, waliokuwa wakiishi kwa asali na mawindo ya msitu wa Boni, waliathirika sana na makatazo hayo. Ninaona uchungu kwamba anayetega kororo mmoja hushtakiwa, na anayesafisha kichaka kizima kwa moto nje ya hifadhi hupongezwa kwa bidii ya kilimo. Tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, ardhi ya kuanzia Hindi hadi Witu imezidi kutamaniwa. Wanaopima viwanja bado wana nafasi ya kuacha mikanda ya vichaka kando ya mikondo ya maji ya msimu, mikuyu na mikwaju ikiwa imesimama ndani yake, ikiunganisha kijisitu na kijisitu. Kororo hupita humo kwa miguu.