Batri ya ushirika inaisha wapi? Sharjeri ya kujitengenezea



Mimi ni mutu wa mimea, siko fundi wa umeme. Lakini musimu uliopita nilifika kwa wenzetu siku ya kupima kahawa, nikakuta mizani ya elektroniki haiwaki. Batri ilikuwa imekufa usiku. Mnunuzi akatoa mizani yake ya kutundika, na watu wakapima nayo kwa manung'uniko. Kila mutu alilaumu pano ya jua. Kumbe pano ilikuwa nzima. Mwizi alikuwa mu kaboksi kadogo ka kushajia telefone.

Batri inatoa volti 12, telefone inataka 5. Kale kaboksi kalikuwa na kidude kinachoitwa 7805, chenye miguu 3, kimefungwa juu ya kipande cha aluminiamu. Kinashusha volti kwa kuchoma zile 7 zinazobaki. Kwa kila wati 12 zinazotoka kwa batri, 5 tu njo zinafika kwa telefone. 7 zinakuwa joto. Ukigusa ile aluminiamu unaungua kidole, na ule ni umeme wenu.

Kuko njia ingine: kukatakata umeme. Fikiria mufereji unaojaza bwawa la samaki. Haumwangi maji yanayozidi. Unafungua mulango kidogo, unafunga, unafungua tena, na bwawa linabaki kwenye kipimo kilekile. Transistori inafungua na kufunga hivyo, mara maelfu mengi kwa sekunde moja. Bobini inaweka umeme wakati mulango uko wazi na kuutoa wakati umefungwa, diodi inaupa njia ya kupita, kondansateri njo bwawa lenyewe. Mambo yakienda vizuri, karibu 80 kwa mia ya umeme inafika kwa telefone.

Tuhesabu. Batri ya volti 12 na ampea-saa 7 iko na wati-saa 84. Tusitumie zaidi ya nusu, juu ya kuilinda: 42. Telefone ndogo ya vifungo inakula karibu wati-saa 5. Kwa 7805, kila telefone inatoa 12 kwa batri: unashaji 3. Kwa kukatakata, inatoa 6 na kidogo: unashaji 6.

Fundi wa redio anayejua kusuda anaweza kuitengeneza. Mumwambie atafute MC34063, kidude cheusi cha miguu 8, ambacho ndani yake transistori na kipimo viko tayari. Vingine ni diodi 1N5819, bobini ya mikrohenri 220, kondansateri ya mikrofaradi 470 kwa kutokea na ya pikofaradi 470 kwa mwendo, rezistansi ya omu 0.33 ya kuzuia umeme kuzidi, pamoja na mbili za kupanga volti: kilo-omu 1.2 na 3.6. Hizo mbili njo zinaleta 5 kamili; akizigeuza, volti itashuka chini sana na telefone haitashaji. Inatoa karibu nusu ampea, kwa hiyo telefone kubwa itashaji polepole. Waya mwembamba kwenye bobini utapata moto na faida yote itapotea. Mimi ningeanza kuangalia pale. Kwenye waya wa batri aweke fyuzi.

Vijana wanapenda kuchukua vipande mu mashini za umeme wa volti 220 zilizokufa. Nawaomba sana: kondansateri kubwa ya mule inaweza kubaki na volti 300 na zaidi hata baada ya kuchomolewa, na inaweza kuua. Tena musijaribu kutengeneza sharjeri ya 220 nyumbani. Hii ni ya batri ya 12 peke yake.

Ikiisha, musichomeke telefone kwanza. Pimeni: kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Kisha muwekee redio ya zamani saa nzima, muguse vipande vyote. Kinachochoma kidole kirudishwe kwa fundi. Na usiku wa kuamkia siku ya mizani, batri ikishuka chini ya 12 hakuna telefone ya mutu, hata ya prezida wa ushirika.