Kovu, Mkorogo na Mshipa: Istilahi kwa Anayemwendea Tabibu wa Urembo Ugenini

Miongoni mwa watu wa Afrika ya Mashariki wanaosafiri kwenda India au Uturuki kwa matibabu, wamo wanaokwenda kurekebishwa pua, kupunguzwa matiti, kuondolewa makovu au kupandikizwa nywele. Aghalabu msafiri wa namna hiyo hutayarisha nauli, pasi na vipimo vyake, lakini hatayarishi maneno; hutumaini kwamba mkalimani atayapata hukohuko. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mkalimani, hata awe hodari namna gani, hawezi kufasiri tofauti ambayo msemaji mwenyewe hakuitamka.

Tuanze na jina la fani yenyewe. Wengi husema “upasuaji wa plastiki”, na wapo wanaohofu kwamba watatiwa plastiki mwilini. Asili ya neno hilo ni Kigiriki, na maana yake ni kufinyanga. Daktari Mjerumani Carl Ferdinand von Graefe alitoa kitabu chake Rhinoplastik, juu ya kuunda pua upya, mwaka 1818, ilhali Bakelite, plastiki ya kwanza iliyoundwa yote kwa kemikali, ilivumbuliwa mwaka 1907. Kwa hiyo twaona afadhali kusema upasuaji wa kurekebisha maumbile, na kutenga ndani yake upasuaji wa urembo, yaani ule afanyiwao mtu kwa hiari yake pasipo jeraha wala kilema.

Neno linalotutia wasiwasi zaidi ni kovu. Katika mazungumzo ya kila siku, kovu ni alama yoyote iliyobaki baada ya kidonda kupona. Kwa tabibu kuna kovu la kawaida. Kuna kovu nene, lililoinuka lakini halikuvuka mpaka wa jeraha. Tena kuna keloidi, ambayo huendelea kukua hata ikaingia katika ngozi isiyojeruhiwa, kama ionekanavyo kwenye ndewe zilizotobolewa. Keloidi huwapata zaidi watu weusi, na ikikatwa tu bila tiba nyingine mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Mgonjwa akisema “nina kovu sikioni”, mkalimani atafasiri kovu, wala hatakuwa amekosea. Walakini daktari anayekusudia kumpasua usoni atakuwa amekosa habari aliyoihitaji kuliko zote. Mgonjwa na aseme waziwazi: “Ngozi yangu huota keloidi.”

Mkorogo nao una mashaka yake, kwani hapa kizuizi si msamiati peke yake bali pia haya. Mara nyingi mkalimani ni kijana wa nyumbani anayesoma huko. Tufikirie anamwambia mama mtu mzima, “Shangazi, daktari anauliza unapaka nini usoni.” Naye hujibu, “Mwambie mafuta tu, mwanangu.” Kijana hufasiri mafuta, na daktari huandika mafuta. Kumbe ndani ya mkorogo mna, mara nyingi, hidrokwinoni, zebaki au dawa za jamii ya steroidi, na hizi za mwisho hudhoofisha ngozi na kuchelewesha kupona kwa jeraha. Kutafuta istilahi ya heshima badala ya mkorogo si kazi yetu. Neno hili, lililotokana na kukoroga, laeleza jambo barabara. Linalotakiwa ni mkalimani asiye jamaa, na chupa yenyewe ichukuliwe safarini.

Ama ganzi na nusukaputi, wananchi wamekwisha kuzipambanua vizuri: ya kwanza hufisha sehemu moja, ya pili humlaza mtu kabisa. Mshipa, kinyume chake, hubeba mizigo mingi mno. Mtu huutaja kwa damu, kwa hisia, kwa kano, hata kwa ngiri. Katika upasuaji wa uso, ateri au vena ikikatika damu hutoka. Neva ikikatika sehemu ya uso huweza kupooza.

Huko Istanbul maneno ya daktari huweza kupita katika Kituruki, kisha Kiingereza, ndipo yamfikie mgonjwa kwa Kiswahili. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, mgonjwa aombe kuyaeleza madhara kwa maneno yake mwenyewe, na maelezo hayo yarudishwe kwa daktari kwa njia ileile. Na mkalimani akitamka “mishipa”, aulizwe papo hapo: ya damu, au neva?