Mboga zipi zinamfaa mbwa wako?

Katika nyumba nyingi za mjini, mbwa hula makombo. Ugali ukibaki na sukuma wiki ikibaki, vyote hutiwa katika sufuria kuukuu na kupelekewa mbwa uani. Ikiwa nawe hufanya hivyo, huenda umewahi kujiuliza kama mboga zinamfaa mnyama huyu au zinamdhuru.

Mboga nyingi tunazonunua sokoni hazimdhuru mbwa. Hatari kubwa imo katika kile tunachokaanga kwanza kabla ya kutia mboga, yaani kitunguu.

Kitunguu kina kemikali za salfa ambazo huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembechembe hizo hupasuka na mbwa akapungukiwa na damu. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kitunguu kibichi, kilichokaangwa, kilichokaushwa na hata majani yake, vyote ni vibaya. Kitunguu saumu kina sumu ya aina hiyo hiyo, tena ni kali zaidi.

Je, ni kiasi gani kinachodhuru? Gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzani wa mbwa zinaweza kuharibu damu yake. Kwa mtoto wa mbwa mwenye kilo 3, gramu 45 zinatosha, na hizo ni kama nusu ya kitunguu cha wastani. Kiasi kidogo kinacholiwa siku baada ya siku pia huweza kuleta madhara.

Dalili zake

Dalili aghalabu hazionekani siku ile ile, bali baada ya siku kadhaa. Mbwa hulegea, hukataa chakula na kuhema haraka. Fizi zake hupauka na mkojo huwa mwekundu au wa rangi ya kahawia.

Hapa ndipo wengi hukosea. Homa inayoletwa na kupe, ambayo ni ya kawaida hapa nchini, pia hupausha fizi na kubadilisha rangi ya mkojo. Kwa hivyo, unapompeleka mbwa kwa daktari wa mifugo, mweleze kila kitu alichokula wiki hiyo. Na iwapo unajua mbwa amekula vitunguu vingi, usingoje dalili. Mpeleke mara moja, wala usimnyweshe maji ya chumvi ili atapike, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu kwake.

Za kumpa na za kumnyima

Karoti, malenge, viazi vitamu na mishiri ni mboga nzuri kwa mbwa. Zioshe, uzichemshe bila chumvi na uzikate vipande vidogo. Sukuma wiki na kabichi mpe kidogo tu, maana humjaza gesi tumboni. Spinachi pia iwe kidogo, na mbwa mwenye ugonjwa wa figo asipewe kabisa.

Usimpe viazi vilivyoota au kugeuka rangi ya kijani, nyanya mbichi pamoja na majani yake, wala maharagwe yasiyoiva sawasawa. Waonye watoto pia wasitupe magunzi ya mahindi ya kuchoma uani. Gunzi si sumu, lakini mbwa akilimeza huweza kukwama kwenye utumbo, na mara nyingi huondolewa kwa upasuaji.

Kumbuka kwamba mboga ni nyongeza tu. Mbwa anahitaji nyama, omena waliochemshwa au mayai ili apate nguvu.

Basi leo jioni, kabla hujashika kisu kukata kitunguu, tenga kwanza fungu la mbwa na ulichemshe peke yake. Makombo ya karanga yenye kitunguu yatie kwenye pipa la taka lenye kifuniko, mahali ambapo hawezi kuyafikia.